Mwenye Alilala mu Kaburi ya Kambale

Musinitazame hivyo. Sikunywa kasiksi, ile pombe ya ndizi, sikuwa na homa, na miye si mutu ya kuotaota. Nilikuwa nanunua maharagi Musienene, nayauzisha Beni. Mutu ya soko akianza kuona bintu bya uongo, atakula nini? Kama hauko tayari kuniamini, amuka sasa uende kwako, hatutagombana. Lakini kama unabakia, ukae muzuri na usinikate maneno. Hii kintu ilinifikia miye mwenyewe, muchana, ku barabara, wakati ya vita, na batu benye baliona mwisho yake bangali bazima. Uende ubaulize.

Nianze na Kambale. Kambale ni ndugu yangu mudogo, nilimubeba ku mugongo mpaka miye mwenyewe nikapinda. Alikuwa mufupi, sha, mufupi ya kuchekesha, na kinywa refu. Alienda mu basoda kwa kichwa yake ngumu. Mama alilia, miye nikamutukana, yeye anacheka tu: eti nani atalinda inchi kama bote banabakia kulima birayi? Akaenda. Kiisha tukasikia kulipigwa vita kubwa ku daraja, kule mu pori ngambo ya Beni. Kiisha gari ya basoda ikatuletea sanduku. Ilikuwa imepigwa misumari kila upande, na order ya mukubwa wao: musifungue.

Tukamuzika nyuma ya nyumba, mu migomba, vile tunazikaka batu betu. Na tangu ile siku mama akachukua tabia moja. Kila mangaribi, akimaliza kupika, anaenda kukaa pembeni ya kaburi na kumupatia Kambale habari ya nyumba. Mbuzi imezaa. Mvua imekawia. Jirani ameoza binti yake na mahari ilikuwa ya haya. Anaongea kwa Kinande, luga yetu, pole pole, kama unasemesha mutu mwenye alichelewa chakula. Katekista alimugombeza, eti Mukristu haongee na kaburi, anaombea maiti tu, basi. Mama akamujibu: "Kuomba naomba ku kanisa. Hapa naongea na mutoto yangu." Na miye pia nikazoea. Kila nikipanda Musienene, nakaa pale, namuambia Kambale mambo yangu ya siri. Kaburi haina kinywa, ao sivyo? Njo vile nilikuwa nadhani.

Sasa ikakaribia ile siku ya bashujaa, siku ya kukumbuka basoda benye balikufa. Unaijua: masomo inafungwa, fanfare inapiga tarumbeta, batu banapita défilé mu jua, na bakubwa bako ku tribune chini ya kivuli na miwani nyeusi. Ule mwaka bakataka ikuwe kubwa kuliko zote. Bakajenga monument ya simenti mu Butembo, na bakasema mu ile simenti lazima alale shujaa, maiti ya kweli, si maneno tu. Na bakachagua nani? Kambale yetu, juu alikufa ku daraja na ile daraja ilikuwa na sifa.

Commandant mumoja akakuya kwetu. Hakuwa mutu ya hapa, alitumwa kutoka province ingine. Mutu ya adabu, sitamusingizia. Alivua kofia mbele ya mama, na Kifaransa yake ilikuwa safi. Akaleta kitenge yenye imeandikwa "Siku ya Bashujaa". Akasema Kambale atatoka mu migomba, atalala mu mugini, kule Butembo, na kila mwaka bakubwa batamuwekea maua. Mama akasema hapana. Commandant akaeleza tena, akafikiri mama hajaelewa ile heshima. Mama akasema ameelewa muzuri, na ni hapana. Njo ule bwana akakunja uso.

"Mama, musoda ni mutu ya serikali. Hata maiti yake ni ya serikali. Tutakuya kumufukua mbele ya sikukuu."

"Serikali ilimuzalia mu hospitali gani?" mama akauliza.

Akaacha kitenge ku kiti, akaenda. Mama akaikata bipande-bipande, ikawa ya kushikia sufuria ku moto. Lakini mwanamuke mwenye hana hata fimbo atazuia camion ya basoda na nini? Na bakishafukua ile kaburi, mangaribi mama ataenda kukaa wapi? Nilijua hatapona. Niliogopa, na nilikasirika kuliko kuogopa.

Siku ingine nikashuka ku barabara na magunia yangu, kungojea camion ya Beni. Ilikuwa muchana, batu bametoka tu kula. Ukungu ya kwetu kule juu, unaijua? Inakuya bila kupiga hodi. Inakula mulima, inakula nyumba, unabakia na mikono yako tu. Batu benye tulikuwa nao bakakimbilia ku duka. Miye nikabakia na magunia, juu ile wakati ukiacha gunia ku barabara, ni umeligawa.

Njo nikasikia mutu anakohoa. Musoda. Alikuwa murefu sana, amevaa tenue ya vita, na amelowa mwili muzima, na ile siku mvua haikunyesha hata kidogo. Maji ilikuwa inadondoka ku bidole byake. Akanisalimia kwa Kinande: "Wasibire, yaya," eti habari ya muchana, dada mukubwa. Muniamini, ile Kinande ilikuwa ya mama yangu, hata ile kuvuta sauti ya mama, lakini ulimi ulikuwa ya mutu ya Lingala. Nikafikiri: huyu anataka maharagi ya bule. Basoda ba ile wakati, si mulibajua? Nikamujibu kwa ukali, "Hapa haina maharagi ya kugawa."

Akacheka. "Sitaki maharagi. Ile mbuzi nyeupe ilipona muguu?"

Mbuzi nyeupe ilikuwa ya mama, na kweli ilikuwa inachechemea. Nikajiambia labda alipita kwetu, labda aliiona. Njo akaongeza, na sauti ya mutu mwenye anachokoza dada yake:

"Na ile parcelle ya Bungulu, ulishaambia belle-mère?"

Eh, Mungu yangu! Ile parcelle tulinunua kwa siri, miye na bwana yangu, tujenge na tutoke mu lupango ya mama yake. Bwana yangu anaogopa mama yake kuliko bunduki. Hakusema kwa mutu, na miye sikusema kwa mutu. Nilisema pahali pamoja tu, mu migomba, kwa Kambale.

"Weye ni nani?" Sauti yangu ilitoka ndogo kama ya mutoto.

"Naitwa Lokwa, mutoto ya mama Bolumbu, kule chini ku muto mukubwa. Balinitia mu sanduku ya Kambale. Nilikuwa nimekaa mu maji, uso haikuonekana tena, bakabeba tu." Alisema bila hasira, vile mutu anaeleza juu ya nini alikosa camion. "Mwanzo sikuelewa kintu, yaya. Mama anakuya, anaongea, anaongea, na miye sijue Kinande. Nilijua tu kuko mama. Kiisha nikajifunza. Sina kazi ingine."

Nilitaka kukimbia. Lakini magunia! Cheka tu, mutu ya soko ni mutu ya soko. Na tena, nitakuambia ukweli, huruma ilikuwa imeanza kusukuma woga. Nikamuuliza Kambale yetu iko wapi. Akatikisa kichwa, hakujua. Kiisha akasema ile yenye ilimuleta.

"Basinifukue pale. Mama yangu hajue kama nilikufa, njia ya kwetu imefungwa na vita. Kule ku simenti batanipigia tarumbeta mara moja ku mwaka, na kiisha? Nani ataniambia kama mvua imenyesha? Lakini mama akisema hanichunge tena juu miye si mutoto yake, nitaelewa. Umupatie jina yangu tu. Nimechoka kuitika jina ya mutu."

Camion ikapiga honi mu ukungu. Nikageuza kichwa, nikairudisha, na hakukuwa mutu. Pale alisimama udongo ilikuwa imelowa, na ilikuwa inanuka muto mukubwa, majani ya kuoza na samaki. Kwetu juu tuko na bijito bya baridi tu, habinuke vile. Nikaacha camion iende na batu bengine. Nikaachia mwenye duka magunia, nikapanda mulima kurudia kwa mama.

Weye ungefanya nini? Kumuambia mama ule mwenye anamulilia si mutoto yake, ni kumunyanganya Kambale mara ya pili, na hapo commandant hajafika bado na beshi yake ya kuchimbia. Kunyamaza, ni kumuachilia ule mutoto ya batu aitike jina ya mutu mpaka mwisho ya dunia. Nilitembea na ile mawazo njia yote, nasema peke yangu kama mwenda wazimu. Nikamukuta mama mu kiwanja, anapepeta maharagi ku lungo. Nikasema yote kwa mara moja, juu kama ningengojea ningeshindwa.

Mama hakuacha kupepeta. "Najua," akasema.

"Unajua nini, mama?"

"Kambale alikuwa mufupi. Tulichimba shimo kwa kipimo ya Kambale, na sanduku ikakataa kuingia. Baliongeza shimo upande ya miguu. Si ulikuwa pale unaangalia?"

Kweli, nilikuwa pale. Tulikuwa bote pale, na kila mutu alijiambia kwamba sanduku ya basoda iko na kipimo moja. Hakuna mwenye alifungua kinywa.

"Miye njo nilimuzaa," mama akasema. "Nilijua ile siku ile ile. Nikasema, huyu pia iko na mama, na mama yake hayuko hapa. Nimukatalie pa kulala?" Akapuliza makapi. "Lakini jina njo sikujua, na kumuita mutu 'weye' kila mangaribi si muzuri. Umesema anaitwa nani?"

"Lokwa."

"Lokwa," mama akasema. Akajaribu tena, "Lokwa," na hapo njo akaanza kulia. Alilia batu babili kwa mara moja, ule mwenye alikuwa naye na ule mwenye hakuwa naye. Nikalia pamoja naye, na maharagi ikamwangika yote mu udongo.

Basoda bakafika siku moja mbele ya sikukuu, asubui. Balileta beshi, sanduku mupya ya kupakwa rangi, na bendera ya kuifunika. Commandant mbele. Majirani bote bakakusanyika, katekista na rozari yake mu mukono. Na mama? Mama alikuwa amekaa juu ya kaburi, ku kirago, na lungo ya maharagi ku magoti, anachagua mabovu na mazima.

"Mama, usinipatishe haya mbele ya batu," commandant akasema.

Mama anachagua maharagi.

Akaamuru basoda babili bamunyanyue. Njo hasira yangu ikapasuka. Nikajitia katikati na nikapiga kelele mpaka ngambo ya mulima balisikia: "Munakuya kufukua nani? Museme jina yake! Munataka kumuita shujaa na hamujue hata balimuitaka nani kwao! Huyu si Kambale. Huyu ni Lokwa, mutoto ya mama Bolumbu ya ku muto mukubwa. Mulimuacha mu maji, mukamupigilia misumari, mukamutupa kwetu, na sasa munamutaka juu ya fanfare?"

Beshi moja ikaanguka. Sergent mumoja, mutu muzima ya mvi, akasogea mbele. Akaniuliza kwa Lingala, kiisha kwa Swahili, nani alinipatia ile jina. Nikamuonyesha kaburi tu. Akasema alikuwa na Lokwa ku daraja. Lokwa alianguka mu muto pembeni yake, yeye akakimbia, na mpaka ile asubui alijua maji ilimubeba. "Tulilala mu hema moja," akasema. "Kila siku anataja mama yake Bolumbu, mpaka tulimuchekelea." Akavua kofia, akapiga magoti ku kirago ya mama, na mabega yake ikaanza kutikisika. Basoda bengine bakaangaliana. Kiisha mumoja akaweka beshi chini, na mwingine, na mwingine. Hakuna mwenye alibaambia.

Commandant akabakia peke yake. Akashika bastola ku kiuno, akaiachilia. Nilimuangalia ku uso, na hata miye mwenye nilikuwa namuchukia niliona iko na woga kama yetu.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "kesho bakubwa bote bako ku tribune. Ile sanduku haiwezi kufika bila kintu ndani. Nitabapatia nini?"

Mama akaamuka. Akajipangusa vumbi ku kitenge. Nikuelezee kwanza: kwetu mutu akifia mbali na maiti yake ikapotea, tunakataka mugomba, tunaufunga mu nguo, tunauzika pa nafasi yake na tunalia kilio mpaka mwisho. Ni desturi ya babu zetu. Katekista pia anaijua, hata kama anajifanya hapana. Lakini tangu nilimuletea jina ya Lokwa, mama hakuwa ametukatia ule ya Kambale, na sisi hatukuwa na ujasiri ya kumuuliza. Sasa akachukua panga, akapita katikati ya migomba anaigusa-gusa, akachagua moja yenye ilishazaa, akaikata yeye mwenyewe.

"Mubebe," akasema. "Batu benye habana maiti, banafanya hivi. Huyu njo musoda yenu. Mumupigie saluti."

Katekista akafanya alama ya musalaba. Commandant akaangalia mugomba, akaangalia mama, na nikafikiri atamupiga kofi. Akauliza tu: "Na bakiniuliza jina?"

"Useme hamujue. Munakuwa mumesema kweli."

Bakaufunga mu bendera, bakautia mu sanduku, bakapiga misumari. Ile kazi balikuwa baliizoea. Mbele ya kupanda camion, ule sergent akaomba mama ruhusa, akachota udongo ya kaburi na kitambaa yake, akaitia mu mufuko, eti siku njia itafunguka atamupelekea mama Bolumbu. Kama alifika, sijue. Naomba alifika.

Kesho yake nikashuka Butembo. Ningeikosa? Fanfare ilipiga, batoto ba masomo balisimama mu jua mpaka bamoja bakazimia. Mukubwa mumoja akasoma discours refu juu ya damu yenye ilimwangika. Kiisha bote bakasimama, mikono ku kofia, miwani nyeusi, kwa mugomba ya mama yangu. Sisi batu ba Musienene tulikuwa nyuma, tunajiuma midomo. Nilicheka ndani mpaka mbavu ikaniuma. Mujipatie heshima yenu, nikasema mu roho, mugomba inawasikia.

Kiisha nikasikia kilio pembeni yangu. Balikuwa bamama. Bamoja balitoka Beni, bengine Lubero, kulikuwa hata bauza samaki ba Kyavinyonge na bitunga byao, na kila mumoja alikuwa anaita wake: "Paluku! Muhindo! Kasereka!" Habakuwa na kaburi hata moja. Balipewa siku moja ku mwaka na sanduku moja kwa bote, na habakujua kintu iko ndani, na balikuwa banalia ukweli wao wote. Na ndani kulikuwa kile desturi yetu inatakaka kiwe. Kicheko ikanikauka. Nikaona ile siku si ya ule mwenye kusoma discours, ni ya hawa bamama. Nikafungua kinywa nikaita, kwa sauti yote Mungu alinipatia: "Kambale! Kambale!" Musoda mumoja akakuya kutuambia tunyamaze, hymne inaimbwa. Hatukunyamaza. Tulilia mpaka tarumbeta haikusikika tena, na bakubwa bakashuka ku tribune bila kumaliza.

Njo vile ilikuwa. Mpaka leo, ku ile siku ya mwaka, banaweka maua pale ku simenti, na miye sibakatazi. Mama aliendelea kukaa mu migomba kila mangaribi mpaka nguvu ilimuishia, na alimuita Lokwa kwa jina yake. Sasa ni miye nakaa pale nikipanda. Sikumuona tena. Kambale yetu hatukujua analala wapi. Labda kuko mama kule chini anamupatia habari ya nyumba kwa luga yenye yeye hajue, na anajifunza pole pole.

Miye kuna tabia moja ilinibakia. Ku kila barrière kati ya Butembo na Beni, musoda akinisimamisha, mbele ya kintu yote namuuliza: jina yako ni nani, na mama yako ni nani, na kwenu ni wapi? Bamoja banacheka, eti huyu mama ni mukichaa. Mumoja alinielekezea bunduki. Mumoja, ndevu hazijaota bado, alijibu yote tatu na akageuka kulia kule ku miti. Zile majina naziweka mu kichwa, zote. Nani ajue lini zitatakiwa.

Kwa hiyo weye mwenye umenisikiliza, nakuonya. Mu ukungu, musoda mwenye amelowa akikusalimia kwa luga ya mama yako, usikimbie. Muulize jina, juu ukimukimbia atakufuata mpaka mu nyumba yako. Na ile siku ya bashujaa ikifika, bakileta sanduku na bendera juu yake, bakasema mupige mikono, usipige. Uliza kwanza nani iko ndani, na mama yake anaitwa nani. Bakikukasirikia, uliza tena, na mwenye iko pembeni yako aulize pia.